Nyumba ya Bibi Kaltuma, Niliyoipandisha Thamani

Mwanangu Mastula,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za neti, za maji ya kuchemsha, na za kutompa mtu namba yako ya simu kwa sababu tu amekubebea mzigo. Hayo ameyasema vizuri kuliko ambavyo ningeyasema mimi, tena ameyasema mara nne, kwa hiyo nayaacha. Umekwenda Nsambya na mama yako kuwaaga shangazi zako na nyumba imenyamaza. Nimeketi barazani hapa Mbuya na lile daftari lako la chuo ambalo hukulimaliza. Kesho alfajiri unapanda basi la Arua kwenda kuanza kazi manispaa, katika ofisi ya kuthamini majengo. Kuna jambo nataka ulijue kabla hujaingia ofisini humo, na nimelichelewesha umri wako wote.

Ni habari ya Bibi Kaltuma.

Wewe umemjua kama bibi yako. Ulilala naye kitanda kimoja mpaka ukafika darasa la sita. Yeye ndiye aliyekufundisha Kinubi, na mkagombana kila Jumapili juu ya nywele zako, wewe ukilia kwamba anavuta, yeye akisema kichwa chako ni kigumu kama cha babu yake aliyekuja na jeshi kutoka Sudan. Kwenye fomu za shule uliandika jina lake mahali pa bibi mzaa baba, nami nikatia sahihi. Hakuwa mama yangu, Mastula, wala hakuwa ndugu yetu wa damu. Alikuja kuishi kwetu kwa sababu alipoteza nyumba yake Kisenyi, na aliipoteza kwa sababu yangu.

Basi, nimeliandika. Sasa naweza kukueleza lilivyokuwa.

Unajua kwamba nilizaliwa Kisenyi, na kwamba utawala ulipopinduka, watu wetu Wanubi walipoanza kuwindwa, nilikimbilia Kongo nikiwa kijana. Unajua pia kwamba huko Aru ndiko nilikomkuta mama yako akiuza vitenge, akanipunja kwenye doti ya kwanza na mpaka leo hajakubali. Nisichokuambia ni jinsi tulivyorudi. Vita vya themanini na sita vilikuwa vimekwisha, redio ilisema watu warudi, tukarudi. Nyumba ya baba yangu nikaikuta ukuta mmoja na mgomba umeota sebuleni. Nilisimama pale na mama yako nyuma yangu, kabeba sufuria mbili kichwani.

Ndipo mlango wa pili ukafunguka, akatoka mwanamke mrefu mweusi, kajifunga khanga kiunoni, mikononi ana kawa ya ukindu aliyokuwa anaisuka.

"Wewe si wa Farajala dereva?"

"Ndiye mimi, Bibi."

"Na huyo?"

"Mke wangu. Anaitwa Feza."

"Basi msisimame juani kama mnadaiwa. Ingieni."

Tulikaa kwake mwaka mzima. Hakuwahi kutuuliza tutaondoka lini. Yeye alikuwa mmoja wa wachache ambao hawakukimbia. Watu walipokimbia yeye alibaki, akalala chini ya kitanda risasi zikipita, akaamka, akasuka kawa zake. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Rehani, fundi mwashi, ambaye alikimbia kuelekea kaskazini na hakuonekana tena. Kabla ya kukimbia, Rehani alikuwa ameanza kumjengea mama yake vyumba viwili vya nyuma. Kuta zilifika linta zikasimama hapo, hazina paa wala mlango, na ndani mliota majani. Bibi aliyang'oa majani hayo kila mwezi kwa mkono. Hakuruhusu mtu aweke kuni humo, hata kuku hakuwaruhusu.

Baadaye nilipata chumba cha kupanga, vichochoro viwili kutoka kwake, na baada ya hapo nikapata kazi. Ofisi ya jiji ilikuwa inaandika upya thamani ya nyumba zote ili zitozwe kodi ya majengo. Thamani zilizokuwa kwenye vitabu zilikuwa za zamani mno, za wakati sabuni inanunuliwa kwa senti. Walitaka vijana wanaosoma Kiingereza na wanaojua vichochoro. Nikapewa kushika tepu na kujaza fomu, nyuma ya mthamini aitwaye Bwana Lutaaya. Nilinunua shati jeupe. Huwezi kujua, mwanangu, shati lile lilivyonifanya. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kuonyeshwa kidole, huyu ni wa watu wale. Sasa nilikuwa nabisha hodi, watu wanasimama.

Tulifika kichochoro cha Bibi Kaltuma siku ya joto. Asubuhi ile Bwana Lutaaya alikuwa amenigombeza njiani. "Nyinyi watu ya Kisenyi mtafichana tu, ssebo. Kila nyumba unaniambia ni ndogo, ni mbovu. Mimi nitajuaje wewe unafanya kazi ya ofisi au ya majirani?" Maneno yale yalinichoma kwa sababu nilikuwa nimempunguzia kidogo jirani mmoja wiki iliyopita, na nilidhani ameligundua.

Bibi alifurahi kuniona. Alituwekea viti Bwana Lutaaya na mimi, akatupa chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Bwana Lutaaya miguu ilikuwa inamuuma, akaniambia, "Ingia wewe, pima, jaza, mimi nitasaini." Nikaingia. Vyumba vitano. Ukuta wa matofali mabichi uliopigwa plasta, paa la mabati yaliyoshika kutu. Chumba cha mbele alikuwa amempangisha fundi wa kuchomelea vyuma. Nikatoka nyuma, nikasimama mbele ya kuta za Rehani.

Fomu ilikuwa na mstari wa idadi ya vyumba. Ilikuwa pia na mstari wa matumizi, makazi au biashara. Ukweli ulikuwa vyumba vitano, makazi, na kimoja tu cha biashara. Nikaandika saba. Nikaandika biashara, nyumba nzima.

Nataka unielewe hapa, maana nimejitetea kichwani kwa miaka na utetezi wote umeniishia. Sikukosea kuhesabu. Sikuhongwa na mtu. Sikumchukia. Nilitaka Bwana Lutaaya aione ile fomu aseme, ahaa, huyu kijana hapendelei mtu, hata yule mama aliyempa chai. Nilitaka kuonekana mwadilifu, na mtu wa karibu kabisa wa kumtumia kwa kazi hiyo alikuwa yeye. Bwana Lutaaya aliisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasaini. Tukamaliza chai.

Wakati ule nilijiambia kwamba kuna siku za pingamizi. Orodha ikitoka hubandikwa ofisini, na mwenye nyumba ana siku zake za kwenda kulalamika. Atalalamika, nikasema, itarekebishwa. Lakini orodha ilibandikwa kwa Kiingereza, na Bibi Kaltuma hakusoma hata Kiswahili. Alisikia watu wanazungumza, akanifuata nyumbani.

"Mwanangu, hizo karatasi za ofisini zinasema nini juu yangu?"

"Mambo ya ofisi tu, Bibi. Tulia kwanza, nitaangalia."

Akatulia. Aliniamini akatulia, na siku zikapita, orodha ikafungwa. Niliogopa kwamba nikimwambia aende, atauliza nani aliandika saba.

Hati ya kodi ilipomfikia, aliibeba kwa jirani anayesoma. Alichotakiwa kulipa hakikuwa na uhusiano wowote na maisha yake. Hakuwa peke yake, kwa kweli. Mtaa mzima ulipandishiwa, kwa sababu thamani za zamani zilikuwa zimelala muda mrefu na sasa zimeamshwa kwa mara moja. Lakini wengine walipandishiwa kwa nyumba walizokuwa nazo, yeye alipandishiwa kwa nyumba ambayo haikuwepo.

Wakati ule ndio watu wa tume walikuwa wanazunguka nchi kukusanya maoni ya katiba mpya. Kila mtu alikuwa na la kusema, mpaka wauza maji walikuwa na vifungu vyao. Mwenyekiti wa mtaa wetu aliitisha mkutano katika darasa la madrasa, na watu wakasema, jambo letu ni nyumba. Walitaka iandikwe kwamba mtu akiwa anaishi katika nyumba yake mwenyewe, thamani yake kwa ajili ya kodi isipandishwe kwa mwaka zaidi ya sehemu ndogo iliyowekwa, mpaka siku atakapoiuza. Mzee mmoja muuza vipuri akasema, "Tena iwe ndani ya katiba yenyewe. Sheria za kawaida waziri anazibadilisha akiamka vibaya."

Watu wakapiga makofi. Lakini alikuwepo mwalimu mmoja kijana, Nakato, akasimama na mtoto mgongoni. "Mimi sina nyumba," akasema. "Nikijaliwa nitajenga mwaka ujao. Nitalipa kwa thamani ya mwaka ujao. Jirani yangu atalipa kwa thamani ya zamani. Takataka zetu zitabebwa na gari moja, mtaro wetu ni mmoja. Hiyo ni haki? Na yule tajiri wa mlimani mwenye vyumba ishirini, si naye anaishi humo? Naye mtamfungia thamani yake?"

Wengine walimzomea kidogo, lakini hakuna aliyemjibu vizuri. Nimelifikiria swali la Nakato kwa miaka mingi na mpaka leo sina jibu lililokamilika. Wewe umesoma, labda unalo.

Wakanichagua mimi niandike maombi ya mtaa. Nani mwingine? Mimi ndiye niliyekuwa ofisini, nilijua lugha ya mambo hayo. Mastula, niliyaandika kwa moyo wangu wote. Nilikesha nayo. Mama yako, ambaye alikuwa na mimba yako, alishangaa kuniona nafuta na kuandika upya kama mwanafunzi. Sasa ndiyo najua kwa nini. Ni rahisi kuwapigania watu wote ukiwa unamkwepa mmoja. Na kile kikomo chenyewe nilikipenda kupita kiasi kwa sababu kingeuzuia mkono ambao mimi mwenyewe nilishindwa kuuzuia. Kama kingekuwepo, ningeweza kuandika saba, ningeweza kuandika kumi, na Bibi asingeumia. Nilikuwa naomba katiba ya nchi inifichie kosa langu.

Watu wa mtaa wakataka mfano wa kuwaonyesha wageni wa tume. Wakamchagua Bibi Kaltuma.

Siku ya tume ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nilisoma maombi yetu, sauti ikatoka vizuri, watu wakanipigia makofi. Kisha mzee mmoja wa tume, mwenye koti la kijivu na miwani, mtu mpole, akasema angependa kumsikia yule mama mwenyewe. Yeye alizungumza Kiingereza. Bibi alijua Kinubi na Kiswahili. Wakaniambia mimi nitafsiri.

Akasimama mbele, kavaa gomesi yake ya kijani, mikono ameishika kwa mbele. Yule mzee akauliza nyumba yake ina vyumba vingapi. Nikamuuliza.

"Vitano," akasema. "Na kuta za vyumba viwili, hazina paa, mwanangu aliziacha."

Nikatafsiri. Yule mzee akaitazama karatasi, akakunja uso. Akasema, hapa wameandika saba, na kwamba yote ni biashara. Kisha akaniambia nimuulize ni nani aliyekuja kuipima.

Ilinibidi nimgeukie. Swali lile lilikuwa mdomoni mwangu na hapakuwa na mtu mwingine wa kulisema. Nikasema, "Bibi, wanauliza nani alikuja kuipima nyumba yako."

Alinitazama. Nyuma yake niliwaona watu wa mtaa wangu, na mama yako amekaa pembeni ameshika tumbo. Bibi hakuonyesha hasira. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyepanda juu sana, huku akiogopa kumwita asije akashtuka akaanguka.

"Waambie sikumbuki," akasema. "Macho yangu siku hizi ni mabovu."

Nami nikageuka kwa yule mzee, nikasema kwa Kiingereza changu safi kwamba mama huyu hakumbuki. Nilitafsiri uongo wake wa kunikinga, neno kwa neno, kama karani. Wakaandika. Wakamshukuru. Akaenda kuketi.

Nimefanya makosa mengine maishani. Nimemkaripia mama yako mbele ya wageni. Nilikukosesha muhula mmoja wa shule kwa kiburi, na unakumbuka. Lakini nikiulizwa ni siku gani ningependa kuirudia, ni ile, na ni dakika ile tu, kati ya jibu lake na tafsiri yangu.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama yako kila kitu. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Chai yake ulikunywa mbele ya kuandika, ao nyuma?"

"Kabla. Na baada, nikamalizia."

Akaweka ungo chini. "Uko mutu gani, weye? Mimi usiniambie pole. Uende umuambie yeye. Uende sasa."

Nikaenda. Bibi alikuwa nyuma ya nyumba, katika kuta za Rehani, anang'oa majani. Nilipiga magoti hapo hapo kwenye udongo. Nikasema tu, "Ni mimi, Bibi. Ni mimi niliandika saba."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuona unazihesabu."

"Mbona hukusema?"

Aliendelea kung'oa. Kisha akasema neno ambalo sijawahi kumwambia mtu isipokuwa mama yako. "Nilidhani unajua jambo. Wewe ulikuwa mtu wa ofisi, watu wa ofisi wanapata habari. Nilipoona unazihesabu kuwa vyumba, nikasema labda amesikia Rehani anarudi kuezeka, anataka iwe siri mpaka afike. Nikangoja. Kila asubuhi nilifagia humu."

Mwanangu, fomu ile niliijaza kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kufunga viatu. Na mwanamke mmoja aliisoma kama barua kutoka kwa mtoto wake.

Kesho yake nilimwandikia Bwana Lutaaya, nikakiri kwa maandishi. Alinifokea, kisha akaketi, akavua kofia. Alikuwa mtu wa haki kuliko nilivyomdhania. Wakati wote ule niliigiza mbele yake uadilifu ambao hakuwahi kuuomba. Akasema orodha imefungwa, lakini atapeleka ombi la kukagua upya. Lilichukua miezi. Mimi nilihamishiwa chumba cha mafaili, na baada ya muda nikaacha kazi mwenyewe, nikaingia duka la vipuri ambako umenijua maisha yako yote. Uliwahi kuniuliza kwa nini mtu anayeandika Kiingereza kizuri hivi anauza bolti. Nilikujibu kwa mzaha. Jibu ndilo hili.

Ukaguzi ulikuja, thamani ikashushwa. Lakini Bibi hakungoja. Wito wa mahakama juu ya kodi ulikuwa umemfika, na ingawa nilimsihi, ingawa mwenyekiti alimwambia hawatamtoa, akawa halali usingizi. Akamuuzia nyumba mfanyabiashara wa matairi. Nilimkuta amekaa nje juu ya sanduku lake. Nikaanza kulia, nikisema nimekutoa nyumbani kwako.

"Karatasi yako ilinisukuma, sitakudanganya," akasema. "Lakini kulikuwa na la pili. Nyumba hii nilikuwa namtunzia Rehani. Siku zile ulizonifanya niamini anarudi, nilimngoja mpaka ngoja yote ikaniisha. Sasa nimechoka kung'oa majani."

Alikuwa amepanga kwenda Bombo kwa mpwa wake. Ni mama yako aliyemzuia. Alikuja na tumbo lake mbele, akahema, akaketi kwenye sanduku kando yake bila kukaribishwa. Hakusema habari ya msamaha wala ya kulipa kosa. Akasema, "Bibi, mimi mama yangu iko Aru. Huyu mutoto anakuja mwezi huu, na huyu bwana hajui hata kushika mutoto. Nani atamuosha?"

Bibi akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasema, "Sanduku hili nani atabeba?"

Ndivyo alivyokuja. Akakuosha wewe maji ya kwanza, akakuita majina ambayo mama yako hakuyaelewa. Alikaa miaka kumi na minne. Pesa za nyumba alizifanyia mambo yake, wala sikuuliza. Kwa mwaka wa kwanza nilitembea nyumbani mwangu kama mgeni, namsalimia kwa unyonge, nambebea kila kitu, mpaka siku moja akanikemea: "Acha kuniinamia. Utanifanya nikumbuke kila siku. Kaa, ule." Tangu hapo nikajifunza kukaa naye kama mtu na mama yake. Hilo lilikuwa gumu kuliko kupiga magoti.

Katiba ilipotoka niliisoma yote nikitafuta sentensi yetu ya kikomo. Haikuwemo. Miaka mingi baadaye ilikuja sheria ya kawaida, ya zile ambazo mzee wa vipuri alizidharau, ikisema nyumba anayoishi mwenyewe isitozwe. Nilimsomea Bibi kutoka gazetini, hapa hapa barazani. Wewe ulikuwepo, ulikuwa unamenya karanga, hukutusikiliza. Alifikiri kidogo.

"Wamechelewa," akasema. "Lakini ni vizuri. Na kuta zisizo na paa, wamesemaje?" Akacheka mpaka akakohoa, na wewe ukakimbia kumletea maji.

Ni yeye aliyenikataza kukuambia. "Usimwambie mtoto nikiwa hai," alisema. "Atanipenda kwa huruma. Mwache anipende kwa ugomvi." Alipofariki nilikuwa na ruhusa, lakini nikaona wewe bado mdogo, kisha nikaona una mitihani. Kisha ukaja na barua ya chuo, umechaguliwa kusomea uthamini wa ardhi na majengo, unaruka ruka, na mama yako akanitazama juu ya kichwa chako. Nilisema hongera. Nilipaswa kusema zaidi. Nilidhani ukijua utaniona mdogo, na nilipenda vile ulivyokuwa unaniona.

Sikuambii haya ili uogope kazi. Mji unahitaji kodi, mitaro ya Arua haitajichimba, na heri thamani iandikwe na wewe kuliko na mtu asiyejali. Wala sitakuambia uwapunguzie watu. Hata hilo nililifanya, na ndilo lililozaa woga wangu. Ninaloomba ni dogo. Ukimaliza kupima nyumba ya mtu, kabla hujakunja karatasi, msomee ulichoandika. Kwa lugha yake, hata kama mkubwa wako yuko nje anaangalia saa. Mwambie vyumba vingapi umehesabu, na mwambie akitaka kupinga aende wapi. Akikuuliza swali, mjibu siku hiyo hiyo. Wakikuita mpole, wakikuita mkali, vyote vitapita. Utakuwa umetoka mlangoni pa mtu na hakuna unalojua juu ya nyumba yake ambalo yeye halijui.

Na siku ukikosea, maana utakosea, usianze kuwapenda watu wote. Mtafute yule mmoja.

Nakupenda, Mastula. Nimekupenda tangu ulipokuwa unapiga teke ndani ya ukumbi ule nikitafsiri uongo. Nakupenda unavyobishana, unavyokataa kula ndizi zilizopoa, unavyosoma kila kibandiko barabarani kwa sauti. Kesho nitakosa mtu wa kuniambia redio iko juu mno.

Nasikia sauti zenu njiani sasa, wewe na mama yako, mnabishana juu ya blanketi. Nilikuwa nimepanga kuifunga barua hii na kuificha chini ya nguo zako, uikute ukifika, mimi nikiwa mbali. Sitafanya hivyo. Nitakupa mkononi ukiingia, uketi hapa kwenye kiti hiki uisome yote, nami sitaondoka, ili ukifika mwisho unitazame usoni na useme lolote unalotaka kusema.

Baba yako